Daftari la Vitz: miezi saba kati ya Malindi na Gongoni

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo nimeamua: nanunua gari. Miaka yote hii naamka Muyeye, hapa Malindi, kabla ya adhana, naenda stendi, nabanwa kwenye matatu hadi Gongoni, halafu bodaboda mpaka getini kazini. Kazi yangu ni ya stoo kwenye majaruba ya chumvi. Kutwa nahesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Mtu akizoea kuhesabu, hata nauli huihesabu, na hesabu ya Disemba imenikera.

Bajeti ni shilingi 600,000, haiongezeki. Kwa pesa hiyo gari linaloshuka bandarini sasa hivi silipati. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo mwaka huu la chini kabisa linaloingia ni la 2018, na bei zake zimekimbia. Nitafute ambalo limeshatembea hapa nchini.

Nimezungukia mafundi watatu kuuliza ni gari gani dogo lenye spea Malindi bila kuagiza Mombasa. Demio nalipenda kwa sura. Passo na Vitz ndogo zina injini moja, 1KR ya cc 996, silinda 3, ya cheni na si ya mkanda. Fundi mmoja akanimalizia maneno: "Nunua gari ambalo hata mwenye kibanda cha spea ana lake." Basi ni Vitz.

Jumamosi, 11 Januari

La kwanza nimelitazama hapahapa mjini. Jekundu, limeng'arishwa mpaka unajiona. Broka kaniambia kilomita 78,412, "la mama mmoja, kanisani na sokoni tu." Mita kweli inasoma hivyo.

Nikafungua mlango wa dereva kutafuta kibandiko cha presha ya tairi. Pembeni, chini ya bawaba, palikuwa na kibandiko kingine kidogo cha karatasi kilichopauka, maandishi ya Kijapani. Wajapani wakibadilisha oili hubandika tarehe na kilomita. Herufi zao sizisomi, lakini namba ni namba: H28, halafu 94,600. H ni Heisei, enzi ya mfalme wao aliyepita. Unachukua 28 unajumlisha 1988, unapata 2016. Yaani mwaka 2016, likiwa bado kwao Japani, gari hili lilikuwa limeshatembea kilomita 94,600. Kisha likavuka bahari, likapata mama wa kanisani, likawa kijana tena.

Sikugombana. Nilimwonyesha broka kidole tu. Akakisoma kile kibandiko kwa muda mrefu kama barua ya msiba, halafu akasema hicho ni cha gari lingine, mlango ulibadilishwa. Sasa hapo kuna mawili ya kukimbia: mita imerudishwa, au gari liligongwa mpaka likavaa mlango wa wenzake. Nikamwachia lote.

Jumapili, 19 Januari

Kisauni, Mombasa. Shemeji ndiye aliyesikia habari zake: mwalimu mstaafu anauza Vitz ya 2012, rangi ya fedha, kwa sababu macho yamemchosha. Mita inasoma 130,900 na kitu. Wengine wangekimbia hiyo laki na ushei. Mimi ilinituliza, maana raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika sawasawa na umri huo, na usukani vilevile.

Niliomba mapema asiliwashe. Nilipofika nikaweka kiganja kwenye boneti: baridi. Injini ya silinda 3 ikiwaka asubuhi hutetemeka kama mtu aliyeamshwa kwa maji, ndivyo ilivyo, lakini moshi haukuonekana na mtetemo ulitulia ndani ya dakika mbili. Giaboksi ni CVT, aina ya otomatiki. Nikatoka D (mbele) kwenda R (nyuma), R kwenda D, mara tano, hakuna mshtuko. Nikainua zulia la buti nikashika bati chini ya tairi la spea. Kutu ipo, ya juujuu. Gari la pwani lisilo na kutu hata chembe mimi silielewi.

Mwalimu alikaa barazani ananitazama na tasbihi yake.

"Mwanangu, umemaliza kumpima bibi harusi?"

"Bado kidogo, mwalimu. Kuna ugonjwa wowote niujue?"

"Sikufichi. Breki ya nyuma hulia mvua ikinyesha. Mimi huiacha ilie, ikikauka hunyamaza."

Nikaandika daftarini: *breki nyuma, mvua*. Tukakubaliana 575,000. Nilitanguliza nusu, yeye akaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, mimi nikaukubali upande wangu, na jina liliposomeka langu ndipo nikatuma iliyobaki. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema alishawahi kulipa faini ya gari aliloliuza.

Jumamosi, 1 Februari

Sasa daftari lenyewe. Watu kazini wananiambia Vitz inakula "kidogo sana". Kidogo sana si kipimo. Njia yangu ni hii: najaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, hapo hapo basi, simruhusu kijana wa pampu aongeze "ifike mia tatu kamili". Narudisha mita ndogo kwenye sifuri. Naendesha. Nikirudi najaza tena mpaka ikate mara ya kwanza, kituo kilekile, pampu ileile, gari limeelekea upande uleule kwa sababu pale pana mteremko. Lita zilizoingia ndizo nilizochoma. Kilomita gawanya kwa lita.

Tangi la kwanza: kilomita 382, lita 26.3. Inakuja 14.5.

Dashibodi yenyewe ilikuwa inaniandikia 15.9. Inajisifu. Na mita ya kilomita nayo haikusalimika: siku ya kulileta kutoka Mombasa niliwasha ramani ya simu, simu iliposema kilomita 50, mita ya gari ilisema 51. Mwalimu alikuwa amevisha tairi za 175/65, ambazo ni ndogo kwa nywele tu kuliko 165/70 za asili, na hiyo ni sababu ndogo; nyingine ni mita yenyewe. Kuanzia leo kila kilomita nazidisha kwa 0.98. Basi lile tangi la kwanza si 14.5 bali 14.2.

Mama watoto ameniuliza kama nimenunua gari au nimejiandikisha shule.

Jumamosi, 15 Februari

Fundi amebadilisha oili, plagi 3 na chujio la hewa. Chujio lilikuwa na vumbi la kupandia kunde. Kubwa zaidi ni tairi: tatu zilikuwa na presha ya psi 24, moja 22. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi. Nikazipandisha hadi 33. Kwenye pampu ya upepo ya Muyeye kijana alinionya zitapasuka kwa joto. Hazijapasuka.

Kilomita 401, ambazo kwa haki ni 393. Lita 24.1. Inakuja 16.3.

Nimeokoa lita tatu na nusu kwa kila kilomita mia nne, na sehemu yake ni upepo wa bure. Siwezi kusema ngapi ni upepo na ngapi ni plagi, kwa sababu nilifanya yote siku moja kama mjinga. Ukitaka kujua dawa gani imekuponya usinywe tatu kwa mpigo.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani, na daftari limenisuta. Kilomita 380 baada ya kurekebishwa, lita 25.9. Inakuja 14.7.

Gari halina kosa, kosa ni langu. Kazini tunatoka mapema kidogo lakini magharibi haimsubiri mtu, na kila jioni kuanzia Mambrui mpaka daraja la Sabaki ni msururu wa watu wenye kiu waliokanyaga mafuta. Mimi nao, 100, 110, AC mpaka mwisho. Ukinitazama usoni ungedhani sambusa zina miguu.

Nikakaa nikapiga hesabu. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kwa asilimia 56. Na hizo kilomita 27 za kwangu, kwa 100 ni dakika 16, kwa 80 ni dakika 20. Dakika nne. Nilikuwa nachoma lita mbili na zaidi kwa kila tangi ili nikae mkekani dakika nne nikiitazama tende.

Jumatano, 26 Machi

Tangi zima kwa 80, AC imewashwa lakini siyo ya kugandisha. Kilomita 401, lita 23.6. Inakuja 17.0. Rekodi. Nimewahi futari kila siku isipokuwa moja, na hiyo moja ni lori la chumvi lililolala barabarani.

Jumapili, 20 Aprili

Kusi limeingia. Mkwe wangu alikuwa nahodha wa jahazi, sasa anavuta upepo barazani tu, na aliposikia habari za daftari akasema: "Nenda Mombasa sasa, uone. Kwenda utakuwa na kusi usoni, kurudi litakusukuma." Barabara yenyewe kweli inaelekea kusini na magharibi kidogo. Nikaona ni jambo la kupimwa.

Nilijaza Malindi, nikajaza Nyali, nikajaza tena Malindi. Kwenda kilomita 116 kwa lita 6.9, inakuja 16.8. Kurudi kilomita zilezile kwa lita 6.3, inakuja 18.4. Mzee alifurahi kuliko siku ya harusi yetu.

Sikumwambia lililobaki. Pampu mbili tofauti zinaweza kukata kwa tofauti ya nusu lita bila mtu kuiba. Nusu lita kwenye tangi zima ni kitu kidogo, lakini kwenye lita sita na kitu inameza karibu tofauti yote niliyoipata. Halafu wakati wa kwenda nilikaa kwenye foleni, maana kutoka Kwa Kadzengo mpaka Mtwapa barabara inapanuliwa, tingatinga moja likigeuka nyote mnazima injini. Kusi huenda lipo. Daftari langu halijaliona. Mzee aachwe na furaha yake.

Jumapili, 1 Juni

Masika. Kilomita 390, lita 25.0. Inakuja 15.6. Nimeisingizia mvua: taa, wipa, matope ya njia ya kuingia kazini, mwendo wa kobe.

Jumatatu, 9 Juni

Kilomita 397, lita 27.8. Inakuja 14.3.

Hapa nimekasirika. Mvua imepungua wiki hii na mwendo ni uleule wa 80. Nikaanza kumtazama kijana wa pampu kwa jicho la pembeni. Mara namba inaruka haraka mno, mara namwona anaongea na mwenzake. Nimehamia kituo kingine.

Jumanne, 17 Juni

Kituo kipya. Kilomita 365, lita 27.0. Inakuja 13.5, mbaya kuliko siku nililonunua.

Basi kituo cha kwanza kimesafishwa na ushahidi, isipokuwa niamini kwamba vituo viwili vimekaa kikao kwa ajili yangu. Usiku nikamfikiria kijana anayeliosha gari kila Ijumaa, na jerikeni analobebea maji. Hili nimeliandika ili nione haya nikilisoma baadaye. Kijana huyu nimemjua tangu akiwa na meno ya maziwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepata.

Asubuhi nimerudi kutoka Gongoni, zamu ya usiku. Mbele ya nyumba kuna dimbwi lililobaki na mvua. Nikapita juu yake polepole, nikasikia *tsss*, kama mwiko wa moto uliotiwa maji. Nikashuka. Upande wa kushoto, nyuma, mvuke mwembamba unatoka kwenye rimu. Harufu ya kitu kilichoungua, ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Nikagusa rimu ya mbele: vuguvugu. Ya nyuma kulia: vuguvugu. Ya nyuma kushoto sikuigusa mara mbili.

Nikapiga jeki, nikaachia breki ya mkono, nikalishika tairi kuliviringisha. Lilikwenda robo mzunguko likakwama kama mlango wenye mchanga. La upande wa pili lilizunguka mara tatu likiwa linaimba.

Fundi alikuja saa nne. Nyuma Vitz hii ina breki za dramu, si diski. Kuivua dramu yenyewe ilimchukua nusu saa na nyundo. Ndani kulikuwa na unga wa rangi ya matofali. Ile silinda ndogo ya breki, inayosukuma shu mbili ziguse dramu, pistoni yake moja ilikuwa imeshikwa na kutu: ikisukumwa inatoka, mguu ukiachia pedali haitaki kurudi. Waya wa breki ya mkono nao umevimba ndani ya ala yake. Shu zimekuwa nyeusi na kung'aa kama kigae. Yaani kwa wiki kadhaa nimeendesha gari huku nimekanyaga breki kidogo, mchana na usiku, na masikio yangu hayakusikia kitu kwa sababu ya redio na matope.

Fundi akachota ule unga kwa kidole, akaulamba.

"Chumvi," akasema. "Unaegesha wapi kazini?"

Naegesha chini ya kivuli pekee kilichopo, mita kumi kutoka lundo la chumvi, upande ambao kusi linaupuliza.

Ndipo nikafungua daftari ukurasa wa Januari. *Breki nyuma, mvua.* Mwandiko wangu mwenyewe.

Silinda, shu na waya, pamoja na kazi: shilingi 6,800. Petroli niliyoichoma bure kwenye matangi yale matatu nimeipiga hesabu dhidi ya 17: lita 12 na ushei, kama shilingi 2,100. Kama singekuwa na namba hizi ningeendelea mpaka dramu ipasuke au breki inivute kushoto mbele ya lori. Lakini namba zenyewe zilinipeleka kwanza kwenye kumshuku mtu, chuma kikaja mwisho.

Jumatatu, 30 Juni

Kilomita 407, lita 23.8. Inakuja 17.1.

Nimerudi kituo cha zamani. Kijana wa pampu: "Umepotea, kaka. Tulidhani umeuza gari." Nikamwambia nilikuwa na safari. Pampu ilipokata mara ya kwanza akaondoa mkono mwenyewe bila kuambiwa, akanisomea lita mpaka nukta ya mwisho ili niandike. Nilimpa ya soda, na sababu sikumwambia.

Jumanne, 15 Julai

EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, imetangaza jana, na kuanzia leo petroli imepanda shilingi 8.99 kwa lita. Kazini ndiyo habari ya siku. Kwangu, kilomita 350 za wiki ni lita 20 na nusu hivi, kwa hiyo ni kama shilingi 185 zaidi kwa wiki. Kwa ile 13.5 ya Juni ingekuwa 233. Nimewaonyesha wenzangu, mmoja ameniomba nimwandalie daftari kama langu, ana Probox inayokunywa kama ngamia.

Jumamosi, 19 Julai

Utaratibu mpya. Gari sasa linaegeshwa upande unakotoka upepo, juani, na mimi natembea. Kila Ijumaa linaoshwa chini, kwenye rimu na nyuma ya dramu, si juu tu kwa ajili ya majirani. Kijana anayeliosha ndiye aliyenifumbua jambo ambalo mimi mhesabu magunia ya chumvi sikuliona: "Baba, maji ya kisima chetu yenyewe yana chumvi. Tunaosha chumvi kwa chumvi." Kweli. Sasa tunatumia ya bomba, yanayotoka Baricho, siku yakitoka. Yasipotoka tunasubiri.

Nimempigia mwalimu Kisauni kumjulia hali, nikamsimulia yote, mvuke, nyundo, fundi kulamba kutu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na sasa mvua ikinyesha hulia?"

"Halilii tena, mwalimu."

"Mimi nilikuwa nimeizoea," akasema. Akauliza linatembea kilomita ngapi kwa lita. Nikamwambia 17.1. Akanyamaza kidogo, nikasikia tasbihi, halafu akasema kwake lilikuwa halipiti 13, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa anamlaumu mwenye kituo.